UZI: Kutambua spana na soketi za kale zisizo na jina la kiwanda

Chuma_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna mzigo wa vifaa vya zamani umetoka kwenye skrepa za Gerezani, Dar es Salaam, na hakuna hata kimoja chenye jina la kiwanda. Naviweka hapa tuvichambue. Vipimo ni vya venia (kipimio chenye taya mbili), milimita:

A – spana ya midomo miwili, nyembamba, haina maandishi. Midomo 13.5 na 15.4.
B – spana ya midomo miwili, nene, ina tarakimu mbili zilizoinuka katikati ya mpini, hazisomeki vizuri. Midomo 15.2 na 17.6.
C – ringi spana yenye shingo iliyopinda sana, 17 na 19, rangi ya kijivu iliyofifia, haing'ai.
D – boksi la bati lenye soketi tisa ndogo, pembe 12 ndani. Tundu la mraba la nyuma ni 7.2. Racheti haipo.
E – soketi moja kubwa yenye pembe nane, mraba wa nyuma nusu inchi.
F – spana ya mdomo mmoja, mpini mnene, haina hata alama moja.

Ninachotaka kujua kwanza ni zilitengenezewa nati za aina gani. Jina la kiwanda likipatikana, vizuri.

---

Venia_ya_Ilala

Mkuu, umeanza panapotakiwa. Watu wengi hukimbilia kutafuta jina, wakati spana isiyo na jina bado ina mdomo, na mdomo ndio ushahidi wa kwanza. Ila upime sawasawa. Usiweke venia kwenye ncha za mdomo, kwa sababu spana iliyofanya kazi miaka mingi hufunguka mbele. Pima theluthi moja kutoka ndani, halafu pima tena karibu na ncha. Tofauti ikizidi robo ya milimita, mdomo umepanuka: kipimo cha ndani ndicho cha kuamini.

Jambo la pili, mdomo wa spana siku zote huzidi nati kidogo, la sivyo usingeingia. Kwa hiyo 13.5 usiilinganishe na nati ya 13.5. Tafuta nati iliyo chini yake kidogo.

Hizi hapa familia za kulinganisha. Ni upana wa nati kutoka bapa hadi bapa.

Whitworth ya Uingereza (namba ya mbele ni kipenyo cha bolti): 1/8 = 8.59. 3/16 = 11.30. 1/4 = 13.34. 5/16 = 15.24. 3/8 = 18.03. 7/16 = 20.83. 1/2 = 23.37. 9/16 = 25.65. 5/8 = 27.94. 3/4 = 33.02.

Inchi za bapa, zile tunazoita AF: 7/16 = 11.11. 1/2 = 12.70. 9/16 = 14.29. 5/8 = 15.88. 11/16 = 17.46. 3/4 = 19.05. 13/16 = 20.64. 7/8 = 22.22. 15/16 = 23.81.

BA, nati ndogo za vifaa vya umeme na kabureta za Kiingereza: 0BA = 10.5. 2BA = 8.2. 4BA = 6.3.

Spana A imejibiwa hapo hapo. 13.5 na 15.4 ni Whitworth robo na 5/16. Hakuna familia nyingine inayotoa jozi hiyo.

---

Nati_Robo

Samahani mkuu, hapo kwenye Whitworth panachanganya. Robo inchi ni milimita 6.35. Mdomo wa 13 na ushee unaitwaje robo?

---

MzeeWaKarakana

Swali zuri, kijana. Joseph Whitworth alitoa mfumo wake wa nyuzi mwaka 1841, wenye pembe ya digrii 55, na spana zake zikaitwa kwa kipenyo cha bolti, si kwa upana wa mdomo. Spana ya robo ni ya bolti ya robo inchi, na kichwa cha bolti hiyo ni kipana mara mbili ya bolti yenyewe.

Baadaye zikaja nyuzi laini za BSF, vichwa vyake vikiwa vidogo kwa hatua moja. Bolti ya BSF ya 5/16 ina kichwa sawa na Whitworth ya robo. Ndiyo maana spana nyingi za Kiingereza zina maandishi mawili upande mmoja: 1/4 W na 5/16 BS. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili kuokoa chuma, hata bolti mpya za Whitworth zikapunguzwa vichwa zikafuata vya BSF. Kwa hiyo ukikuta spana imeandikwa 5/16 na mdomo wake ni 13.4, usiseme imekosewa. Inahesabu kwa BSF.

Madhara ya kutojua hili yapo kwenye mashine za kusaga zenye injini za Lister za zamani. Nati ya robo Whitworth ni 13.34. Spana ya 13 haiingii, fundi anachukua 14, inacheza zaidi ya nusu milimita, akikaza inakula kona. Nati ikishalika inapigwa tindo, na hapo bolti imekufa. Yote hiyo kwa kukosa spana kama hiyo A, ambayo huko skrepa inauzwa kwa kilo. Land Rover za mwanzo, zile za kuanzia 1948, nazo zinaitaka.

Kuna bahati moja: Whitworth ya 3/8 ni 18.03, kwa hiyo spana nzuri ya 18 inaifaa. Kwingine usibahatishe.

---

Chuma_Kavu

Shikamoo mzee, na ahsante. Sasa B. Mdomo wa 15.2 unaweza kuwa Whitworth ya 5/16 pia, au sivyo?

---

MzeeWaKarakana

Marahaba. Hapana. Nati ya Whitworth ni 15.24, mdomo wa 15.2 usingeingia. Na hata kama venia imekosea kidogo, usihukumu spana kwa mdomo mmoja. Mdomo wa pili ni 17.6, na Whitworth haina kitu hapo: inaruka kutoka 15.24 hadi 18.03.

Hiyo ni ya Marekani, ya mfumo wa zamani wa USS (United States Standard). Kanuni yake: chukua kipenyo cha bolti, zidisha kwa moja na nusu, ongeza 1/8 ya inchi. Bolti ya 5/16 inatoa 19/32, yaani milimita 15.08. Bolti ya 3/8 inatoa 11/16, yaani 17.46. Jozi yako ndiyo hiyo hiyo. Ukiendelea: bolti ya 7/16 ni 25/32 (19.84), ya nusu inchi ni 7/8 (22.22), ya 9/16 ni 31/32 (24.6).

Saizi za 19/32, 25/32 na 31/32 ndizo za kuzishika kichwani. Seti nyingi za leo hazina. Ukizikuta kwenye spana nene ya kufuliwa, umeshika kifaa cha Marekani cha nusu ya kwanza ya karne iliyopita.

Hizo tarakimu zilizoinuka si saizi, ni namba ya modeli. J. H. Williams wa Brooklyn alikuwa na namba zake za spana za midomo, na viwanda vingine vya Marekani vikazifuata. Namba ya namna hiyo inakuambia nchi na aina ya spana, haikuambii kiwanda. Anayesema ni Williams kwa sababu ya namba tu anakisia.

---

DadaGrenda

Wakuu, niongeze upande wa chuma chenyewe, kwa sababu vipimo havikuambii kama spana ilimiminwa au ilifuliwa, na hilo ndilo linaloamua kama uifanyie kazi au uitundike ukutani.

Iangalie pembeni, kwenye unene wa mpini. Chuma kilichofuliwa kwenye kalibu kwa nyundo ya mashine hutoa ukingo wa ziada unaozunguka spana yote. Kiwanda huukata, halafu huusaga. Unabaki mkanda mpana, milimita mbili hadi nne, wenye mikwaruzo ya jiwe. Chuma cha kumiminwa huacha mstari mwembamba uliopanda kidogo, na ngozi yake ina chembechembe za mchanga, hasa kwenye kona za ndani ambako jiwe halikufika.

Kisha itundike kwa kamba na uigonge na bolti. Iliyofuliwa inalia, tena sauti inakaa. Chuma cha kumiminwa cha kijivu kinatoa kishindo kifupi kilichokufa. Tahadhari: ipo chuma cha kumiminwa kilichopikwa tena kikawa kigumu kuvunjika, nacho kinalia kidogo, kwa hiyo mlio peke yake hautoshi.

Cheche za grenda ni kipimo cha mwisho. Gusa sekunde moja, sehemu isiyoonekana. Chuma cha kumiminwa: cheche fupi, nyekundu iliyofifia. Chuma chenye kaboni nyingi: cheche nyeupe nyingi, zinapasuka kama matawi karibu na jiwe. Chuma laini: mistari mirefu ya manjano isiyopasuka sana. Usifanye hivi kwenye spana yenye mabaki ya krom au alama yoyote, utakuwa umeondoa ushahidi kwa mkono wako.

Na kuhusu C, usiiguse na brashi ya grenda. Ringi ya kijivu iliyofifia inaweza kuwa imepakwa kadimiamu. Wakati wa vita krom na nikeli vilibanwa kwa ajili ya silaha, viwanda vikapaka kadimiamu au vikaacha chuma cheusi. Vumbi na moshi wake ni sumu ya mapafu na figo. Osha kwa sabuni na mafuta ya taa, tumia kitambaa, vaa glavu, basi.

---

Nati_Robo

Kwa hiyo C ni ya wakati wa vita?

---

DadaGrenda

Inawezekana, lakini rangi peke yake haithibitishi, maana kadimiamu ilitumika pia kabla na baada ya vita. Ila 17 na 19 ni milimita, kwa hiyo tafuta Ujerumani kabla ya kutafuta Uingereza. Kwa nati za zamani za Kijerumani bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) ina 17 na M12 ina 19. Jozi ya 17 kwa 19 imo kwenye seti nyingi za zamani za Kijerumani, na ringi zenye shingo ndefu iliyopinda zilitoka sana Remscheid, mji wa viwanda vya Hazet na Gedore.

Kama ni nikeli utaona umanjano hafifu, krom ina ubuluu. Nikeli bila krom juu yake mara nyingi ni kifaa cha kabla ya miaka ya 1930.

---

Venia_ya_Ilala

Hapo kwenye milimita pana mtego. Mjapani naye ana 17, lakini kwake M8 ni 12, M10 ni 14, na M12 ni 17. Spana za ndani ya gari za Kijapani utazijua kwa jozi za 10 kwa 12, 12 kwa 14, 14 kwa 17. Mjerumani wa zamani ana 13 ambayo Mjapani haitumii sana. Seti mpya za kimataifa zina 16 na 18, kwa hiyo ukiona jozi ya 16 kwa 18 usihangaike kuiita ya kale.

Tena, Mjerumani wa zamani hakuwa mtu wa milimita tupu. Nyuzi za Whitworth zilitumika sana Ujerumani, hadi zikawekewa kiwango chao, DIN 11. Spana ya Kijerumani yenye inchi upande mmoja na milimita upande mwingine ni halali kabisa.

Kwa mji wetu hili lina maana. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapa Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani ikafika Kigoma 1914. Kisha Waingereza wakashika karakana na Whitworth yao, na kuanzia 1948 ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. TAZARA ikajengwa 1970 hadi 1975 na Wachina, kwa milimita. Kwa hiyo gunia moja la skrepa Dar linaweza kubeba mifumo yote hiyo, na kuvikuta vifaa pamoja hakumaanishi vilitoka pamoja. Kila spana ipimwe peke yake.

Spana za serikali ya Uingereza tafuta mshale: mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku, mara nyingine na mwaka pembeni, kama 1943. Unapigwa mdogo, karibu na shingo.

---

Lathi_Tabata

Nichukue soketi, D na E.

D kwanza. Mraba wa 7.2 si robo inchi, ambayo ni 6.35. Huo ni 9/32, yaani 7.14. Viwanda kadhaa vya Marekani viliutumia kwa seti ndogo kabla robo inchi haijawa kawaida ya wote. Hilo linakupa kipindi kuliko alama yoyote: miaka ya 1920 hadi 1940, kwa makadirio. Mraba mwingine uliokufa ni 7/16, yaani 11.1, ambao watu huukosea kwa 3/8 (9.53) iliyolika. Ukiona racheti ya nusu inchi haiingii na ya 3/8 inacheza kwa milimita moja na nusu, ndio huo.

Sasa tazama ndani ya soketi kwa tochi. Soketi ya zamani yenye ukuta mnene, iliyotobolewa kwenye chuma cha mviringo kisha ikachongwa pembe, mara nyingi ina mfereji wa duara chini ya pembe, mahali chembe za chuma zilipokatikia. Soketi iliyofinyangwa kwa kubanwa baridi haina mfereji huo, pembe zinaishia kwa mviringo laini. Za zamani zaidi ni za bati nene lililokandamizwa, kama zile za Frank Mossberg wa Marekani, na utaziona zina ukuta wa unene mmoja kila mahali na nje yake imefuata umbo la ndani.

Ukuta mwembamba maana yake chuma cha mchanganyiko, krom vanadi na jamaa zake, kilichoenea miaka ya 1930. Ukuta mnene ni chuma cha kaboni. Fundi anaweza kuona mnene akadhani ndio imara zaidi. Sivyo. Ile nene hupasuka kwenye kona ya ndani, ufa unaanza kwenye pembe na kupanda juu. Mwagia mafuta ya taa, futa, paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki.

E ya pembe nane ni ya nati za mraba na plagi za mraba. Usiiingize kwenye nati ya pembe sita hata kama inaingia, itashika kona mbili na kuzila.

---

Nati_Robo

9/32 si ndiyo Snap-on? Nimeona Snap-on za zamani zina mraba huo.

---

Lathi_Tabata

Snap-on walikuwa nao, ni kweli, ila hawakuwa peke yao. Na kampuni hiyo, iliyoanza 1920, ilikuwa na kawaida ya kupiga jina kwenye soketi zake. Soketi tisa zote zisizo na jina hata moja zinanielekeza zaidi kwenye seti za bei nafuu zilizouzwa kwenye boksi la bati, jina likiwa limechapwa kwa rangi kwenye kifuniko. Rangi ikitoka, jina limekwenda. Chunguza kifuniko kwa ndani na chini ya vishikizo, hapo rangi hukawia kufutika. Usikwangue boksi.

---

Chuma_Kavu

Kuna njia salama ya kusafisha ili kama kuna maandishi yaliyofifia yaonekane?

---

DadaGrenda

Ipo. Anza na mafuta ya taa na brashi ya plastiki, usiku mzima. Kabla ya kugusa kutu yenyewe, zima taa, laza tochi karibu kabisa na chuma ili mwanga upite kwa ubavu, uzungushe polepole. Herufi iliyolika huonekana kwa kivuli kabla haijaonekana kwa rangi. Paka chaki nyeupe, futa juu kwa kidole: chaki inabaki kwenye mashimo. Piga picha hapo hapo.

Kutu nzito, tumia siki ya dukani, saa 12 hadi 24, ukiitazama kila baada ya saa chache. Ikizidi, siki inakula chuma na kulainisha kingo za herufi. Chuma chenye krom kisikae humo, siki hupenya kwenye nyufa na kubandua. Ukitoa, suuza kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua asidi, kausha juani, paka mafuta mara moja. Kwa unyevu wa pwani yetu, ukichelewa saa moja unaona wekundu mpya.

Kwa umeme: ndoo ya plastiki, kijiko kimoja cha chakula cha magadi ya kufulia kwa lita nne za maji, chaja ya betri ya volti 12. Hasi kwenye spana, chanya kwenye kipande cha nondo. Ukigeuza nyaya, spana ndiyo italika. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama chanya, maji yanakuwa na krom yenye sumu. Fanya nje, gesi inayotoka inalipuka.

---

MzeeWaKarakana

Mmeiruka F. Chuma_Kavu, tazama pembeni ya mpini: kuna mkanda wa kusagwa?

---

Chuma_Kavu

Hakuna, mzee. Pembeni kuna mapigo mapigo, na ndani ya mdomo kuna mistari sambamba ya tupa. Mdomo ni 36, unene wa mpini unabadilika.

---

MzeeWaKarakana

Basi hiyo ni kazi ya mkono, imefuliwa kwenye moto na mdomo ukamaliziwa kwa tupa. Mafundi hufua spana kubwa kutoka springi za malori. Ukiona upande mmoja una upinde hafifu na unene wa springi, hiyo ndiyo asili yake. Usiipe jina la kiwanda. Iandike kama kazi ya fundi, uweke na saizi. Kuijaribu: pitisha tupa mpya mdomoni. Ikiteleza kama kwenye kioo, ilizimwa ngumu na haikurudishwa, itavunjika ghafla, usiivalishe bomba la kuongeza nguvu. Ikikwaruzika kwa shida, imepikwa vizuri. Ikikatika kirahisi ni laini, itapanuka.

---

Chuma_Kavu

Nimepokea. Swali la mwisho: D nazitaka zifanye kazi. Napataje mpini wa 9/32?

---

Lathi_Tabata

Usitanue tundu la soketi, na usitie bati kwenye racheti ya robo inchi, itakula kona za tundu. Chukua mpini mrefu wa 3/8 uliozeeka, ule wa kuongezea urefu. Mraba wake ni 9.53, tayari ni chuma cha mchanganyiko. Saga kila upande milimita 1.2 hadi ubaki 7.1, pande mbili zinazotazamana kwanza, upime, kisha mbili zilizobaki, ili mraba usiegemee. Kishikio cha kijipira kitaondoka, soketi itashikwa kwa mkono tu. Chovya majini kila baada ya kugusa jiwe. Ukiona chuma kimegeuka buluu, ugumu umepungua: kata sehemu hiyo uanze upya mbele yake.

Ukitaka kuchonga kwa lathi, kona za mraba wa 7.14 zinahitaji kipenyo cha 10.1, kwa hiyo shafti ya 10 haitoshi. Nunua ya 12.